Kesi Mbili za Matanga ya Kuka

Wiki iliyopita nilikwenda shuleni kwa mwanangu nikakuta wanapaka sakafu ya ofisi ile rangi nyekundu yenye nta, inayonuka mafuta ya taa na mshumaa uliozimwa. Mwalimu alikuwa ananieleza habari za hesabu za mtoto. Sikusikia neno. Nilichoka ghafla, nikaomba kiti. Mwalimu akadhani nina mimba, nami sikumsahihisha, maana ningeanzia wapi? Harufu ile kwangu ni korido ya mahakama mjini Kakamega, na korido ile ndiyo iliyokula utoto wangu kuanzia darasa la nne hadi la sita. Wenzangu wa rika langu wakikumbuka miaka ile hukumbuka kamba ya kuruka na nyimbo za redioni. Mimi nakumbuka benchi la mbao lenye misumari iliyokuwa ikinishika sketi kila nikiinuka.

Yote yalianza na matanga ya kuka, babu yangu mzaa baba. Kuka alifuga fahali wa kupigana, na mzee wa namna hiyo kwetu hasindikizwi kimya kimya. Hufanyiwa shilembe. Wanaume huja na mafahali wao kutoka vijiji jirani, virungu mikononi, majani kichwani, pembe zinapulizwa na ngoma za isukuti zinalia, wanakimbia hadi bomani kwa marehemu, wanafyeka migomba yake na kukanyaga pale atakapozikwa. Asiyejua akiona atasema kijiji kimevamiwa. Sisi watoto tuliingoja siku hiyo kuliko Krismasi, Mungu anisamehe, na kuka mwenyewe nilimpenda.

Barua ya kuomba kibali iliandikwa na kibali kikatoka. Lakini kituo kidogo cha polisi cha karibu kilikuwa kimeletewa askari wapya wiki hiyo hiyo, na kibali kikabaki kwenye droo ya mtu aliyekwisha hamishwa. Alasiri ile gari lao lilipokata kona ya zahanati, askari watatu waliona umati wenye virungu ukifyeka migomba. Wakashuka na bunduki.

Hapo ndipo penye kosa la upande wetu, ambalo hata leo nikimsimulia mtu wa mbali haniamini. Kwetu mgeni akifika kwenye shilembe hapokewi kwa kusimama. Anakimbiliwa. Kundi zima humwendea mbio, virungu juu, wapiga isukuti mbele, hadi hatua mbili tatu kutoka puani mwake, kisha wote husimama, hucheka, na kumwingiza bomani. Kadiri mgeni anavyoheshimiwa ndivyo mbio zinavyokuwa kali. Wazee walipoona sare walidhani serikali imekuja kumpa kuka heshima. Walifurahi sana. Mmoja akaita kwamba kuka ameletewa askari wake, na umati wote ukageuka kuwakimbilia.

Mimi nilikuwa nimesimama juu ya karai lililopinduliwa, kichwa changu kimepita ua, mita chache kutoka mafiga ambapo mama na wanawake wenzake walikuwa wanapika. Niliona vyote. Niliona moshi wa vitoa machozi ukipasuka mbele ya mafahali, na mafahali wakitawanyika kwenye mahindi. Niliona watu wakiziba nyuso. Baba mdogo Zakayo, ndugu yake baba, alikuwa mbele kabisa na ile ngoma kubwa ya isukuti imening'inia begani. Hakusimama. Mpiga ngoma kubwa huwa wa mwisho kusimama, kwa sababu akisimama yeye wote wanapotea. Askari mmoja kijana akainua bunduki, ikalia, na baba mdogo akakaa chini barabarani, ngoma yake mapajani.

Yule askari alikuwa bado ameinua bunduki. Nafikiri hakujua kama ameshafyatua. Kitu kikapita kando ya sikio langu la kulia, kikampiga usoni, akaanguka. Nikageuka. Sufuria la nyama lilikuwa limeinama upande, mchuzi unamwagikia moto, kwa sababu kijiwe kilichopachikwa juu ya figa kulisawazisha hakikuwepo tena. Mama alikuwa amesimama hapo, mkono wake bado uko hewani.

Aliyekuwa karibu na yule askari ni baba. Alipiga magoti, akakiinua kile kichwa, akakifunga kwa shati lake jipya la matanga. Askari wenzake walipotoka kwenye moshi walimkuta hivyo, mikono imejaa damu. Wakampandisha gari pamoja na wanaume wengine wanne waliokuwa hawaoni kwa moshi na hivyo hawakukimbia. Kuka alizikwa siku tatu baadaye, bila ngoma, na mwanawe wa kwanza yuko seli na wa pili yuko wodini.

Jicho la kushoto la yule askari halikupona. Nyonga ya baba mdogo nayo haikupona. Basi zikazaliwa kesi mbili. Katika chumba namba tatu baba na wale wanne walishtakiwa kwa kumjeruhi afisa, wakatoka kwa dhamana. Miezi mingi baadaye, baada ya wachunguzi kuja kutoka Nairobi na kuandika andika, yule askari naye akashtakiwa katika chumba namba moja kwa kumpiga risasi baba mdogo. Jumatatu baba yuko kizimbani na askari amekaa pembeni kama mlalamishi. Alhamisi askari yuko kizimbani na sisi ndio walalamishi. Kotekote karani alisoma kwamba aliyeshtaki ni Jamhuri, nami nikawaza huyu Jamhuri ni mgomvi wa kiasi gani, anamshtaki kila mtu.

Mimi nilikuwa na imani yangu kuhusu vyumba vile. Shuleni, ulichoandika kwenye daftari la hesabu mwalimu wa Kiswahili hakisomi, hana haja nacho. Nikaamini mahakama ni hivyo hivyo. Ya chumba namba moja yanabaki chumba namba moja, na kila hakimu ana daftari lake. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Niliona tu kwamba watu wazima wanasema mambo tofauti katika kila chumba bila kuona haya, nikadhani ndiyo sheria.

Katika chumba namba tatu kulikuwa na jiwe. Lilikaa mezani ndani ya karatasi la plastiki, na kibandiko chenye namba. Kiongozi wa mashtaka alisema liliokotwa barabarani mahali washtakiwa walipokuwa. Upande mmoja lilikuwa jeusi kwa masizi, na kila mwanamke wa kijijini kwetu aliyekaa nyuma aliyaona masizi yale. Mwanamume wa kwetu hagusi mafiga ya matanga, akiyagusa atachekwa hadi azeeke. Hakimu alikuwa mtu wa mbali, hakuuliza. Kukhu, bibi yangu, alilitazama jiwe, akamtazama mama, kisha akaanza kukunja na kukunjua leso yake. Baba aliulizwa kama ana swali juu ya kielelezo hicho.

"Sina swali, mheshimiwa," akasema.

Tuliporudi nyumbani nilikuwa napukuchua mahindi nyuma ya jiko nikawasikia.

"Nitaenda niseme ni mimi," mama alisema.

"Useme, halafu?"

"Halafu wakuache."

"Hawaniachi. Watatuweka wote wawili, mimi na wewe. Hawa watoto watapikiwa obusuma na nani?"

"Na ukifungwa?"

"Hiyo jiwe haina jina yangu," baba akasema. "Wacha wahangaike nayo."

Kuanzia siku ile mama alikonda, na kila tarehe ya kesi alikuwa wa kwanza kuvaa. Na tarehe zilikuwa nyingi. Leo hakimu yuko likizo. Leo faili halionekani. Leo ni kutajwa tu, rudini mwezi ujao. Leo shahidi amehamishiwa mbali na hakupata nauli. Tulikuwa tunaondoka asubuhi na uji kwenye chupa, tunakaa kwenye benchi hadi saa nane, tunaambiwa tarehe nyingine, tunarudi. Nilikosa shule mpaka mwalimu akaacha kuita jina langu. Mpaka leo mtu akiniambia "subiri kidogo" mwili wangu unakuwa mzito.

Benchi katika korido lilikuwa moja. Waliotupiga na tuliowapiga tulikaa hapo hapo, tunasogeleana mtu mwingine akija. Siku moja nilikuwa na daftari la hesabu nikajikuta nimekaa karibu na yule askari. Alivaa miwani meusi. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani.

"Hapo umekosea," akaniambia polepole. "Huwezi kujumlisha sehemu kabla namba za chini hazijalingana."

Nikafuta. Akanionyesha kwa kidole, sikumwachia penseli. Tulifanya tatu. Kisha akaniuliza, akiwa bado anatazama daftari, "Siku ile mlikuwa mnatukimbilia kwa nini?"

"Mlikuwa wageni."

"Wageni?"

"Eeh. Kwa shilembe tunakimbilianga wageni. Mkifika karibu tunasimama tunacheka."

"Kwetu mtu akikujia na rungu haji kukusalimia."

"Hata sisi ni kwa matanga tu," nikamtuliza. "Siku zingine tunashikana mikono."

"Hakuna mtu aliniambia," akasema. Alisema hivyo mara mbili. Mama akatokea chooni, akanishika kiwiko na kunihamisha upande ule mwingine wa kukhu. "Usiongeleshe huyo," akaninong'oneza. Sijui kama mama alimtazama yule kijana usoni hata mara moja katika miaka ile yote.

Kesi ya baba mdogo ilikuwa na shida moja tu, nayo ni kwamba haikuwa na shahidi. Yule askari alisema, na wenzake wakamuunga mkono, kwamba Zakayo alimjia na rungu limeinuliwa akapiga kujiokoa. Zakayo alisema alikuwa anapiga ngoma. Watu wengine wote wa mbele macho yalikuwa yamejaa moshi, na waliokuwa hawana moshi waliogopa wakijitokeza wataongezwa kwenye kesi ya chumba namba tatu. Nilibaki mimi na karai langu.

Baba mdogo alikuja kwetu kwa magongo yake mawili. Mimi nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo tangu nizaliwe ananiita kukhu na kunisalimia kwa adabu kama mtu mzima.

"Huyu kukhu wangu ndiye aliona," akamwambia baba. "Simwombi mengi. Aseme tu mikono yangu ilikuwa wapi."

Baba alimtazama mama. Mama alitazama chini. Kumkatalia Zakayo, aliyekuja kwa magongo kutoka ng'ambo ya mto, hakukuwezekana. Baba akakubali.

Asubuhi ya siku yangu mama alinisuka. Alivuta nywele mpaka macho yakanitoka machozi.

"Wakikuuliza habari ya jiwe," akasema, "sema."

Baba alikuwa mlangoni anapiga viatu vyake rangi. "Mwache mtoto. Aseme ya Zakayo peke yake."

"Wewe unafikiri hawatamuuliza?"

"Mwache."

Mimi sikuwa na wasiwasi. Nilijua nakwenda chumba namba moja. Jiwe lilikuwa mambo ya chumba namba tatu, kwa hiyo hata nikilisema halitafika huko, na baba na mama wanagombana bure. Nilifurahi kwamba leo nitaongea mimi.

Hakimu, mama mmoja mwenye sauti ya chini, aliniuliza kama najua uongo ni nini. Nikasema ni dhambi. Akaniuliza nani amenifundisha, nikasema ni mwalimu wa kanisani na pia nimejionea mwenyewe, na watu wakacheka kidogo. Kisha nikaeleza. Moshi, mafahali, ngoma. Nikasema baba mdogo hakuwa na rungu. Nikaonyesha jinsi mikono yake ilivyokuwa. Hakimu aliandika, akaniomba nirudie, nikarudia, akaandika tena. Baba mdogo, kwenye benchi la mbele, alikuwa amefumba macho na kutikisa kichwa kidogo kidogo. Nadhani sijawahi kumfanyia mtu jambo jema kama lile, na lilidumu kama dakika kumi.

Wakili wa askari akasimama. Huyu alikuwa mtu wa kwetu, Mluhya mwenzetu anayejua mafiga ya matanga, na hilo hatukuwa tumelifikiria. Alinisalimia vizuri. Akaniuliza nilisimama wapi, nikasema kwenye ua. Karibu na mafiga? Ndiyo. Akaenda mezani akachukua kitu, akakileta mbele yangu.

Lilikuwa lile jiwe, na karatasi lake na kibandiko chake. Lilikuwa limetoka chumba namba tatu. Nikamtazama yule kiongozi wa mashtaka, nikaona ni yule yule pia, na mbele yake kuna mafaili mawili yamefungwa pamoja kwa uzi. Nikaelewa kwamba hakuna daftari la hesabu na daftari la Kiswahili. Ni daftari moja.

"Binti, hii nyeusi ni nini?" wakili aliuliza.

"Masizi."

"Jiwe la barabarani linatoa wapi masizi?"

"Sijui."

"Kwenu hampiki?"

Watu wakacheka. Akasubiri. Kisha akauliza kwa upole kabisa, kama mjomba, "Nani alirusha hili jiwe?"

Mama alikuwa mstari wa mwisho, karibu na dirisha. Alikuwa amesimama, ingawa hakuna aliyemwita. Uso wake uliniambia sema. Baba, mistari miwili mbele yake, uso wake uliniambia usiseme. Na askari kizimbani alikuwa amevua miwani na kunitazama kwa lile jicho moja, akingoja kama mwalimu anavyongoja.

"Sikuona," nikasema.

"Hukuona."

"Sikuona."

"Jiwe limetoka kando yako hapo kwenye mafiga, hukuona. Lakini mikono ya mtu aliye kule barabarani, nyuma ya moshi, uliiona yote miwili." Akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, shahidi wetu huona mbali tu. Ya karibu hayaoni. Sina swali zaidi."

Sikulia pale. Nililia chooni, na kukhu akaninawisha uso kwa maji ya bomba. Nilichokielewa ni kidogo lakini kilitosha: uongo mmoja umeingia katika ule ukweli wangu na kuuharibu wote, na hakimu hana namna ya kuutenganisha. Mama hakunigusa hadi tulipofika nyumbani. Hapo alinikumbatia kwa nguvu iliyoniumiza, akasema, "Haukuwa mzigo wako huo." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilikuwa nimeshaubeba.

Baada ya hapo kesi zote mbili zilikufa pamoja. Mawakili walikutana na kiongozi wa mashtaka na wazee, na ikasemwa kwamba kila upande uache. Baba na wale wanne waachiliwe, askari naye aachiliwe, watu warudi makwao. Lakini ilihitajika sahihi ya baba mdogo kwamba haendelei na malalamiko. Alipelekewa karatasi kwenye lile benchi.

"Nikiweka sahihi ndugu yangu anaachiliwa?" akauliza.

"Leo hii," wakili akasema.

Akaweka. Asubuhi ile ile kesi zote mbili ziliitwa, moja baada ya nyingine, na kila hakimu akasema dakika mbili. Yule askari alihamishwa, na sikumwona tena. Baba alirudi kwenye miwa yake. Tulichinja kuku, tukala. Baba hakunilaumu. Baba mdogo hakunilaumu. Ningependa mmoja wao angenilaumu, ningejua pa kuanzia.

Wiki chache baadaye mama alinituma nimpelekee baba mdogo chakula. Alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Mama alikuwa amenifuata nyuma na jembe, ana kipande chake cha kulima mpakani, hatua chache kutoka hapo. Niliweka sahani nikataka kukimbia.

"Kukhu, kaa," baba mdogo akasema. "Hapa hakuna mtu anaandika. Sema sasa."

Nikasema yote. Moshi, mafahali, bunduki, sufuria lililoinama, jiwe, mama. Nilipotaja mama nilisikia jembe limenyamaza upande wa pili wa ua. Baba mdogo alikula polepole, akamaliza, akanawa mikono. Habari ya jiwe hakuiuliza hata kidogo.

"Rudia pale pangu," akasema.

Nikarudia. Na sijaacha kurudia. Sasa ana mvi na mimi naishi mbali, lakini Jumapili nyingine hunipigia simu. Huuliza watoto, mvua, kanisa. Kisha ananyamaza, nami najua. Zamani nilikuwa nachoka kabla hajanyamaza, na kuna miaka sikupokea. Siku hizi napokea. Nampa dakika yake ya kunyamaza, kisha namwambia jambo ambalo haliko katika faili lolote.

"Mikono yako ilikuwa kwenye ngoma, baba mdogo. Yote miwili."